Arusi ya Mbali: Tusialike Watu Kuwafanya Maskini

Masomo: Mwanzo 24, Mwanzo 29:15-30, Waamuzi 14, Yoane 2:1-11

 

Kiangazi kinapokaribia, wazazi na vijana wanatujia na swali moja. Arusi itafanyika mbali. Bwana arusi anaishi hapa Lubumbashi, jamaa ya bibi arusi iko Kalemie au Moba. Au mtoto yuko Ubelgiji, mchumba wake yuko Kanada, wazazi wako Likasi, nao wamechagua kukutana Zambia au Tanzania kwa sababu wazazi hawakupata visa ya kwenda Ulaya. Au vijana wawili wa hapa hapa wameona picha za hoteli kando ya ziwa, na roho zao zimependa pale. Wanatuuliza: tufanye namna gani kusudi siku ile iwe ya furaha, isiwe ya kuumwa kichwa?

Jibu letu ni hili: masumbuko mengi ya arusi ya mbali hayatoki katika umbali wa njia. Yanatoka katika mzigo tunaowabebesha watu wengine bila kuwauliza. Tukijua mapema nani atabeba nini, na tukiacha kila mtu abebe kadiri ya nguvu zake, hata arusi ya kilomita elfu moja inaweza kuwa na amani. Tusipojua, hata arusi ya mtaa wa pili itavunja jamaa.

Arusi tatu za mbali katika Biblia

Watu wengi wanafikiri kwamba arusi ya mbali ni desturi mpya ya watu wenye feza. Biblia inatuonyesha tatu, katika nyakati za zamani sana. Moja ilileta baraka, mbili zilileta machozi.

Ya kwanza ni ya Isaka na Rebeka, Mwanzo sura ya 24. Abrahamu alimtuma mtumishi wake mpaka Mesopotamia, kwa jamaa yake. Tuangalie matengenezo ya mtumishi yule. Kabla ya kufunga mzigo wowote juu ya ngamia, aliuliza swali gumu: kama mwanamke hatakubali kunifuata, nitafanya nini? Abrahamu akamjibu, na wote wawili wakajua mpaka wa kazi. Halafu mtumishi akachukua ngamia kumi, akasafiri, akaomba Mungu kisimani. Alipopokelewa nyumbani kwa Betueli, alikataa kula mpaka aeleze jambo lililomleta. Zawadi alikuwa nazo tayari, za binti na za jamaa yake. Na jamaa walipotaka kumchelewesha siku kumi, walimwita Rebeka mwenyewe wakamuuliza. Akasema kwa kinywa chake kwamba atakwenda. Akabarikiwa, akaondoka pamoja na mlezi wake. Isaka akampokea, akampenda, akafarijika baada ya kifo cha mama yake. Sura hiyo ina mistari 67. Karibu yote ni ya matengenezo, makubaliano na maombi. Juu ya karamu kwa Isaka, haisemi neno.

Ya pili ni ya Yakobo, Mwanzo sura ya 29. Yakobo pia alioa mbali, lakini alikuwa peke yake. Baba yake hakuwako, mama yake hakuwako, wala mzee yeyote wa upande wake. Alitumika miaka saba bila kuuliza desturi ya mahali pale. Kwenye karamu, walioalikwa walikuwa watu wa Labani. Asubuhi akaona kwamba aliye naye ni Lea. Alipolalamika, Labani akamwambia desturi yao haiozi mdogo kabla ya mkubwa. Neno hilo lilipashwa kuulizwa miaka saba mbele! Yakobo akatumika miaka mingine saba, na mabishano kati ya dada wale wawili yakakaa nyumbani mwake.

Ya tatu ni ya Samusoni huko Timna, Waamuzi sura ya 14. Hapa karamu ilikuwa kubwa, siku saba. Vijana thelathini waliletwa kuwa rafiki zake. Na katikati ya karamu hiyo likaingia neno la mavazi: aliyeshindwa na kitendawili atalipa mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadilisha. Wageni walipoona hawawezi, walimgeukia bibi arusi kwa hasira. Someni mstari wa 15. Walimuuliza kama wameitwa kwenye arusi ile kusudi wafanywe maskini. Bibi arusi akalia siku zile zote za karamu. Mwisho wake mnaujua: watu thelathini waliuawa kule Ashkeloni ili mavazi yapatikane, mke akapewa mtu mwingine, na katika sura ya 15 mashamba yakachomwa moto, na yule mwanamke na baba yake pia.

Ndugu zetu, swali lile la wageni wa Timna tungependa libandikwe ukutani kila mahali komite ya arusi inapokutana. Je, tunawaalika watu hawa kushangilia, ao tunawaalika kuwafanya maskini?

Hesabu isiyoandikwa katika daftari ya komite

Bwana Yesu alisema katika Luka 14:28 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba atakaa kwanza na kuhesabu gharama. Komite zetu zinahesabu. Zina daftari, zina mweka hazina, zina karatasi za mchango. Lakini katika arusi ya mbali kuna hesabu moja ambayo haionekani katika daftari, nayo ni hesabu ya mgeni.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Ndugu mmoja mwalimu ameitwa kwenye arusi ya Kalemie, yeye na mke wake. Nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, tuseme dola 120. Kwa wawili ni dola 240. Mahali pa kulala siku nne, dola 15 kwa siku, ni dola 60. Chakula cha njiani na cha kule, dola 50. Kitambaa cha arusi na feza ya fundi, dola 40 kwa kila mmoja, ni dola 80. Zawadi, dola 30. Jumla ni dola 460. Kama mshahara wake ni dola 150 kwa mwezi, arusi hiyo imekula zaidi ya miezi mitatu ya kazi yake. Na watoto wake wanangoja feza ya masomo.

Sasa, kama nyumba 30 za kanisa moja zimekwenda, ni dola 13 800. Bajeti ya komite inaonyesha labda dola 5 000, na watu wanamshukuru Mungu kwamba arusi haikuwa ya gharama kubwa. Lakini gharama kubwa ilikuwako. Ililipwa na wageni, nyumba kwa nyumba, kimya kimya.

Matunda yake tunayaona sisi wachungaji baada ya arusi. Tunamwona mama mjane aliyetoa zamu yake ya likelemba kununua tiketi, kwa sababu aliogopa watu watasema hampendi mtoto wa ndugu yake. Tunamwona baba aliyekopa, na miezi sita baadaye anajificha kwa mwenye deni lake. Tunaona mashangazi wawili hawasalimiani, kwa sababu mmoja alikwenda na mwingine hakuweza. Na wale vijana wawili wanaanza nyumba yao wakiwa na lawama mgongoni, wala hawajui zimetoka wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali, chukueni karatasi, mwandike majina ya watu ambao bila wao ninyi hamtaona kwamba mmeoana. Wazazi wa pande mbili. Mjomba anayesimamia mahari. Baba na mama wasimamizi. Mashahidi. Mchungaji. Mara nyingi majina hayo hayapiti 15 ao 20. Halafu mwandike pembeni ya kila jina: nauli yake italipwa na nani? Kama mnaweza kulipa nauli na malazi ya watu hao wote, arusi ya mbali inawezekana. Kama hamwezi, mahali pale ni pazuri lakini si penu kwa wakati huu.

Mambo manne yasichanganywe

Masumbuko mengi yanakuja kwa sababu tunatia mambo manne katika siku moja na mahali pamoja: mapatano ya jamaa na mahari, ndoa ya serikali, baraka ya kanisa, na karamu. Hakuna andiko linalosema mambo hayo manne yafanyike mahali pamoja. Tukiyatenganisha, mzigo unapungua mara moja.

Mapatano na mahari yafanyike kwa jamaa ya binti, pale inapokaa. Watakwenda wajumbe wachache, watu wanne ao watano wenye akili na wenye kuheshimu, kama mtumishi wa Abrahamu. Nao waulize desturi ya pale mapema, kusudi yasiwapate ya Yakobo. Desturi za Wabemba, za Waluba, za Watabwa na za Wasanga hazilingani katika kila jambo. Mkijua miezi sita mbele kwamba jamaa inataka blanketi la babu na kitenge cha nyanya, si tatizo. Mkijua asubuhi ya arusi, hapo ni vita.

Ndoa ya serikali ina kanuni zake. Katika nchi yetu inaongozwa na sheria ya jamaa, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Bwana na bibi wote wanapashwa kuwa wametimiza miaka 18. Kila mmoja anapashwa kukubali mwenyewe, kama Rebeka. Mahari inatambuliwa na sheria hiyo. Ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa desturi inapashwa kuandikishwa kwenye ofisi ya eta-sivili bila kukawia. Na baraka ya kanisa peke yake, hata kama askofu ndiye aliyeweka mikono, haihesabiwi na serikali kuwa ndoa. Mama aliyebarikiwa kanisani tu, bila karatasi ya eta-sivili, anaweza kupata taabu kubwa siku mume anapokufa na jamaa inakuja kugawanya vitu.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hawaulizwi mpaka wasimame mbele ya ofisa: mali ya nyumba itakuwa namna gani? Sheria yetu inatoa njia tatu. Ya kwanza, kila mmoja anabaki na mali yake. Ya pili, mliyopata baada ya ndoa ni ya ninyi wawili, na yale ya kwanza yanabaki ya mwenyewe. Ya tatu, mali yote inakuwa ya wote wawili. Msipochagua, sheria inawahesabu katika njia ya pili. Tunaomba vijana waongee neno hilo pamoja mbele ya Mungu kabla ya siku ya arusi, wala si wakati wamevaa kanzu na watu wanapiga makofi.

Basi, ushauri wetu kwa wale wanaokwenda nchi nyingine ni huu. Kabla ya kulipa hata dola moja ya ukumbi, ulizeni kwanza ofisi ya mji ule wanaomba karatasi gani na mnapashwa kukaa siku ngapi. Mara nyingi wanaomba karatasi ya kuzaliwa, pasiporti, na karatasi inayoshuhudia kwamba mtu hajaoa ao hajaolewa. Karatasi hizo zinachukua muda. Ulizeni vilevile kama karatasi ya ndoa ya kule itapokelewa hapa, na namna ya kuiandikisha mnaporudi. Kama kanuni ni ngumu, iko njia rahisi: fungeni ndoa ya serikali kwenye komini yenu hapa, na kule mbali mfanye baraka na furaha tu. Watu wengi wangelala usingizi kama wangefanya hivyo.

Baraka ya kanisa nayo ina utaratibu. Mchungaji wa kule hawajui ninyi. Msimfanye aweke mikono juu ya watu asiowajua. Mchungaji wenu wa hapa aandike barua, aeleze kwamba mmebatizwa, kwamba mmefundishwa mafundisho ya ndoa, kwamba hakuna kizuizi. Tangazo lisomwe katika makanisa yote mawili. Yule anayekimbilia mji wa mbali kusudi tangazo lisisomwe kwao, huyo ana neno analolificha. Tumejifunza kuuliza: mnakwenda mbali kwa sababu gani? Kama jibu ni jamaa, kazi, visa ao amani ya njia, tunaomba pamoja nao. Kama jibu ni kwamba wazee wasijue, tunawaomba warudi kwa wazee kwanza.

Na mafundisho ya ndoa yasifupishwe kwa sababu ya safari. Vipimo vya damu vifanywe mapema, kabla kadi za mwaliko hazijachapwa. Tunasema hivyo hasa juu ya ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Kama bwana na bibi wote wawili ni AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hilo ni neno la kuongea kwa utulivu, na muda mbele yenu. Wanaolijua wakati ukumbi umekwisha kulipwa na wageni wako njiani hawana tena uhuru wa kufikiri.

Tarehe na njia

Chagueni tarehe kwa kuangalia mbingu na barabara. Huku kwetu Katanga mvua inaanza karibu na mwezi wa Novemba na inaendelea mpaka Aprili. Barabara za udongo zinakatika, na gari la saa nane linaweza kulala njiani siku mbili. Ndiyo maana arusi nyingi zinawekwa kati ya Mei na Septemba. Lakini wanaosafiri juu ya ziwa Tanganika wakumbuke kwamba miezi hiyo hiyo ndiyo ya upepo mkali wa kusini. Mtumbwi wa kutoka Moba kwenda Kalemie usiondoke kwa sababu komite imesema saa fulani. Uondoke wakati wenye kujua ziwa wamesema ndiyo. Na treni inayopita Kamina na Kabalo mpaka Kalemie inafika inapofika. Wote tunaijua.

Kwa hiyo, mtu ambaye bila yeye arusi haiwezekani asifike siku ya mwisho. Wazazi, bibi arusi, bwana arusi na mchungaji wafike siku tatu mbele. Kanzu ya bibi arusi na pete zisafiri mkononi, wala zisitupwe juu ya mizigo ya lori. Anayevuka mpaka wa Kasumbalesa abebe pasiporti na karatasi ya manjano ya chanjo, na aulize juu ya visa akiwa bado nyumbani. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari ao wa damu kupanda abebe dawa za siku nyingi kupita siku za safari.

Malazi yaongewe pia waziwazi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jamaa ya bibi arusi inapokea watu kwa moyo mweupe, lakini watu 20 katika nyumba ya vyumba vitatu wanamaliza unga, maji na uvumilivu. Tumeni mbele feza ya unga na makaa. Wageni wasaidie kuchota maji. Na siku ya kurudi itajwe tangu mwanzo.

Mtu mmoja kule, mtu mmoja hapa

Wale ambao wametulia katika arusi ya mbali, mara nyingi tumeona kwao neno moja. Walichagua mtu mmoja wa kule, mwaminifu, anayeona ukumbi kwa macho yake, anayeonja chakula, anayepokea karatasi ya malipo. Wakachagua mtu mmoja wa hapa anayeongea naye. Watu wengine wote wanaleta mawazo yao kwa mmoja wa hao wawili. Ambapo kila shangazi anapiga simu kwa mwenye ukumbi, bei inapanda, na maneno yanapotea.

Msilipe yote mara moja. Lipeni sehemu, mpewe karatasi yenye sahihi, na shahidi awepo. Mkituma feza kwa M-Pesa ao Airtel Money, chungeni ujumbe wa simu mpaka arusi imekwisha. Picha nzuri ya ukumbi kwenye WhatsApp si ukumbi. Ulizeni kama kuna umeme, kama kuna mashini wakati umeme unakatika, na mafuta ya mashini yanalipwa na nani.

Siku mbili kabla ya arusi, simu ya bibi arusi na ya bwana arusi zichukuliwe na wasimamizi. Mtu akitaka kujua soda zimefika ao hazijafika, asiwaulize hao. Wao waombe, wale, walale. Arusi si mtihani wa kuona kama bibi arusi ni mpishi, dereva na mweka hazina pamoja.

Kadi ya mwaliko iseme kweli

Tunaomba kadi zenu ziandikwe kwa upendo na kwa kweli. Andikeni waziwazi: tutalipa malazi, nauli ni ya kila mmoja. Ao: tunaomba maombi yenu tu, kwa sababu tunajua njia ni ndefu. Andikeni: kitambaa si lazima, kila mtu avae nguo yake nzuri. Neno hilo dogo limeokoa nyumba nyingi. Mtume Paulo, katika 2 Wakorinto 8:12, anafundisha kwamba toleo la mtu linapokelewa kadiri ya alivyo navyo, wala si kadiri ya asivyo navyo.

Nawe uliyealikwa, una ruhusa ya kubaki nyumbani. Mwambie mwenye arusi mapema, kwa heshima: ndugu yangu, sitaweza safari, lakini nitafunga siku moja na kuwaombea, na zawadi yangu ndogo ni hii. Hiyo si aibu. Aibu ni kukopa feza ya watu kusudi uonekane katika picha.

Wale waliobaki wasisahauliwe. Vijana wanaporudi, wasimamishwe kanisani siku ya Mungu, wazazi waliobaki waweke mikono juu yao, na watu wote wanywe chai na mkate pamoja. Nyanya asiyeweza kupanda gari apelekewe bibi arusi mpaka mlangoni kwake, akiwa amevaa kanzu ileile. Tumeona nyanya akicheza na fimbo yake siku hiyo kuliko vijana waliosafiri.

Na kama kitu kitapunguka

Hata mkihesabu vizuri, kitu kitapunguka. Kule Kana divai ilikwisha. Tuangalie namna neno lile lilivyochukuliwa. Mariamu hakusimama katikati ya ukumbi kuwalaumu wenye arusi. Alimwambia Yesu, halafu akawaambia watumishi wamtii. Mitungi sita ya mawe ikajazwa maji mpaka juu. Mkuu wa karamu akaonja divai bila kujua ilikotoka. Watumishi ndio walijua. Taabu ilimalizwa nyuma, na bwana arusi hakupata aibu mbele ya wageni wake.

Wapendwa, Yesu alikuwa amealikwa kule tangu mwanzo, pamoja na wanafunzi wake. Katika orodha yenu ya watu 15 ao 20, hakikisheni jina lake ni la kwanza. Yeye haombi nauli, haombi kitambaa, na pahali popote mtakapokwenda atakuwa amekwisha kufika.

Maswali ya kuongea katika maombi ya nyumbani juma hili:

1. Katika arusi ya mwisho ya jamaa yetu, nani alibeba mzigo ambao hakuna aliyeuona? Je, tumemshukuru?
2. Je, karatasi yetu ya ndoa iko kwa eta-sivili? Kama haiko, tutakwenda siku gani?
3. Kama mtoto wetu ataoa ao kuolewa mbali, watu gani tutawalipia nauli, na wengine tutawapa furaha yao namna gani hapa nyumbani?

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwongoza mtumishi wa Abrahamu njiani, uwaongoze watoto wetu. Uwape wazee wenye kuuliza mapema, na rafiki wenye kuchukua mizigo. Uzilinde njia, ziwa na mipaka. Nyumba mpya zisianze na deni wala na lawama. Katika jina la Yesu. Amina.